Mahari ya Wete

Jumatatu, Unguja

Nimefika salama, alhamdulillahi. Pesa ndizo ambazo hazijafika.

Mtoto wa kaka yangu anaoa Wete, kisiwani Pemba, Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri, na mimi ndiye niliyekabidhiwa fungu la familia. Wanaume wanapita njia ya Tanga na watavuka kwa boti Alhamisi. Mimi nimetangulizwa kwa ndege kwa sababu ni mtunza hazina wa chama chetu cha wanawake kule Mji wa Kale, Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa, na hakujapotea shilingi mkononi mwangu. Watu ishirini na watatu wamechanga, ikatimia shilingi 140,000 za Kenya. Siku hizi shilingi yetu moja inacheza kwenye 19 za Tanzania, kwa hiyo tulihesabu milioni mbili na laki sita bila taabu: mahari milioni moja na nusu, mkaja wa mama wa binti laki tatu, kilemba cha baba yake laki tatu, na laki tano za karamu.

Shilingi 120,000 nikaziacha benki, 20,000 nikazibeba taslimu. Niliona ndiyo busara. Mwanamke peke yake na bunda la noti kwenye mkoba, ilhali kadi ninayo na mashine ziko kila mahali? Ami, mzee wetu, akaniongeza dola 200 ndani ya bahasha, noti mbili za mia mia. "Za dharura, mwanangu. Usizitoe ila kwa dharura."

Mashine ya kwanza, pale uwanja wa ndege, iliandika kwamba muamala umekataliwa. Nikadhani ni mashine. Ya pili, karibu na Darajani, ikaandika vilevile. Kwa ya tatu nilisoma Bismillahi kabla ya kubonyeza, ikakataa, nikaitoa kadi haraka na kuacha. Mtu akizidi kubahatisha, mashine huimeza kadi, na hapo ndipo huwa huna lolote.

Nikaenda kwenye duka la kubadilishia fedha na bahasha ya ami. Kijana wa dirishani akazichukua zile noti mbili, akazipapasa kwa kidole gumba, akaziinua mwangani. Moja akaiweka kulia, nyingine akanirudishia chini ya kioo.

"Hii siwezi kuichukua, mama. Ni ya 2006."

"Si dola?"

"Ni dola, na ni halali. Lakini na mimi nikiipeleka mbele watanirudishia. Tunataka zile mpya, zenye utepe wa buluu."

Ile iliyokubaliwa ilinipa 245,000. Shilingi zetu za Kenya alizipokea kwa 18 tu, hakupanda hata robo. Nikabadilisha zote 20,000, nikapata 360,000. Nje ya duka mtu akanifuata kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nakupa ishirini, tuingie hapo ndani." Sikumjibu. Fedha yangu ningeweza kuihatarisha, lakini hii ni amana ya watu ishirini na watatu.

Jumanne, Unguja

Leo nimeelewa kwa nini kadi imekataa, na nimeona nieleze kwa urefu, maana nimemuuliza binamu yangu, nimemuuliza jirani yake, hakuna aliyekuwa akijua.

Benki yangu hufunga kadi zote kwa matumizi ya nje ya Kenya. Mteja hufunguliwa akiomba mwenyewe. Wanafanya hivyo kwa sababu ya wezi wanaonakili kadi na kwenda kuzitumia nchi nyingine, na kwa hilo siwalaumu. Ninachowalaumu ni kwamba wiki iliyopita nilikwenda tawini, nikamwambia mhudumu uso kwa uso kwamba nasafiri Zanzibar, akanijibu, "Kadi yako inafanya kazi popote, mama, safiri salama." Nilimwamini.

Kuifungua ni kwenye programu ya benki katika simu. Ukibonyeza, benki inatuma namba sita kwa laini yako ya Kenya, unaziandika, basi. Nayo laini yangu ya Kenya iko Mombasa! Niliiacha kwa makusudi katika simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, ya mpwa wangu, dada wa bwana harusi, kwa kuwa michango ilikuwa bado inaingia na nilitaka aiandike kila inapoingia. Nikaona huku nitanunua laini ya Tanzania, nikanunua kweli, nikachukuliwa alama za vidole na pasipoti, nikaona nimekamilika.

Basi tukafanya hivi. Mimi nimepanda darini kwa binamu, mahali ambapo intaneti haikatiki. Mpwa wangu yuko jikoni kwetu, kabambe mkono mmoja, na simu yake ya WhatsApp mkono mwingine, tunaongea. Namba ile uhai wake ni dakika mbili.

Mara ya kwanza, ujumbe ulichelewa kumfikia. Akanisomea, nikaandika, nikaambiwa muda umepita. Mara ya pili alinisomea vizuri, nne, moja, saba, kisha sauti ikakatika, niliposikia tena alikuwa amefika mwisho. "Shangazi, umeipata?" Sikuipata. Programu ikanionya kwamba nimebakiwa na nafasi moja, nikikosea nitafungiwa hadi nifike tawini kwa miguu yangu.

Nilishuka, nikatawadha, nikasali rakaa mbili. Nikarudi juu. Safari hii nikamwambia asiseme kitu. Aiandike namba kwa kalamu kwenye karatasi, aipige picha, aitume. Ikaingia. Niliziandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtoto wa chekechea, na kadi ikafunguka.

Najua wapo watakaosema namba hizo hazipewi mtu. Ni kweli, na asije mtu akampa mgeni kwa kuwa amesoma haya. Mwenye namba ni mimi na aliyenisomea ni damu yangu. Kosa lilikuwa kuiacha laini. Ningeibeba, nikaiwashia huduma ya nje ya nchi, namba zingenifikia mkononi hapa hapa Unguja.

Mashine ilinipa 400,000 kwa mkupuo, ndio mwisho wake kwa mara moja. Noti kubwa ya Tanzania ni ya elfu kumi, ile ya tembo, kwa hiyo laki nne ni noti arubaini, na mkoba unanenepa mara moja. Nikaomba tena 300,000, zikatoka. Nikaomba 100,000, ikakataa. Kumbe kadi ina kikomo cha shilingi 40,000 za Kenya kwa siku ikiwa nje, na kila nikitoa nakatwa mara mbili, na benki ya huku kisha na benki ya kwetu. Hayo nayo hakuna aliyeniambia.

Hesabu ya usiku huu: 245,000, na 360,000, na 700,000. Jumla 1,305,000. Nusu na kidogo juu. Zimelala ndani ya mto, na mimi juu yake.

Jumatano, Unguja hadi Wete

Boti ya asubuhi. Bahari imetulia hadi nusu ya njia, baadaye wenzangu wengi wakawa wameshika mifuko ya plastiki. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mkoba tu.

Kutoka bandari ya Mkoani nilipanda gari ya abiria hadi Chake Chake, vilima juu vilima chini, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, harufu inaingia hadi kooni. Chake ndiko kwenye mashine nyingi, nikashuka kwa nia hiyo. Umeme ulikuwa umekatika. Mlinzi akaniambia kwa upole nisubiri, huenda ukarudi saa hiyo hiyo, huenda jioni. Kisiwa hiki kinapata umeme wake kutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010. Nilisubiri saa moja na nusu kwenye kivuli cha mwembe, magari ya Wete yanapita mbele yangu. Mwishowe nikapanda.

Jioni tukajaribu njia nyingine. Nikaingia kwenye programu ya benki, nikahamisha 40,000 kwenda kwenye M-Pesa ya mpwa wangu, na yeye akamtumia shemeji yangu wa hapa Wete, mume wa binamu yangu mwingine, kwenye laini yake ya M-Pesa ya Tanzania. Huduma hii ilianza kwetu Machi 2007, Tanzania wakaipata mwaka uliofuata, na tangu 2015 mtu wa Kenya anaweza kumtumia wa Tanzania moja kwa moja. Shilingi zinaondoka za kwetu na zinaingia za huku. Shemeji alikuwa anakunywa chai. Simu ikalia, akavaa miwani, akasoma: 740,000. Hata chai haijapoa.

Nikashukuru mapema mno, maana kuzipata kwenye simu ni jambo moja na kuzishika ni jingine. Wakala wa kwanza alikuwa na laki moja na nusu tu.

"Msimu wa karafuu huu, bi mkubwa," akaniambia. "Wachumaji wanalipwa kila jioni. Keshi haikai."

Wa pili laki moja na nusu vilevile. Wa tatu alikuwa anafunga duka. Laki nne na arubaini zikalala kwenye simu ya shemeji, nami nikalala macho wazi.

Alhamisi, Wete

Mawakala wawili asubuhi wakatimiza zilizobaki. Sasa nina 2,045,000 mkononi. Pungufu ni 555,000, na benki bado nina zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya, zinatosha na kubaki. Nikafungua programu nimtumie tena mpwa wangu.

Haikufunguka. Iliandika kwamba akaunti imezuiwa kwa ukaguzi wa usalama.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu na hakuharakisha. Akanieleza kwamba mtambo wao umeona kadi imekataliwa mara tatu Zanzibar, kisha ikafunguliwa kwa shida, ikatolewa fedha hadi kikomo, kisha fedha nyingi zikahamishwa kwa mtu ambaye sijawahi kumtumia. "Kwa mtambo, mama, huo ni mwendo wa mwizi." Nikamwambia mwizi gani anayejua jina la mama yangu mzazi, nambari ya kitambulisho, na kiasi cha mwisho nilichoweka? Akasema anaamini ni mimi, lakini mkono wake haufiki. Ni lazima nifike tawini na kitambulisho.

Nilikaa kwenye baraza ya shemeji, nikaona machozi yananijia. Fedha ipo. Si deni, si hasara, haijaibwa. Ipo mahali ninapopajua, chini ya jina langu, na kesho alasiri kadhi atauliza mahari iko wapi. Wanaume wetu wako baharini muda huo, na nilijua hawana ila nauli. Mimi ndiye niliyewaambia wasibebe, kila kitu kiko kwangu.

Shemeji ni mwalimu wa chuo cha Kurani, si msemaji sana. Alininyamazia mpaka nilipotulia, kisha akasema, "Twende sokoni."

Sokoni kuna muuza kanga ambaye mali yake huitoa Mombasa, Mtaa wa Biashara, na anadaiwa huko. Kila mwezi husumbuka jinsi ya kuifikisha fedha kwa mwenye duka. Shida yake na yangu zinatazamana: yeye ana shilingi za Tanzania Wete na anazitaka Mombasa, sisi tuna watu Mombasa na tunazitaka Wete. Nikampigia ami, nikamweleza. Hakuniuliza maswali. "Mpe simu huyo bwana, aniambie duka lenyewe." Atatoa 30,000 zake, mimi nitamrudishia benki ikifunguka.

Mimi nilidhani limekwisha. Shemeji akatuzuia. Fedha kwa fedha ya aina nyingine, akasema, sharti iwe mkono kwa mkono, katika kikao kimoja, asiondoke mtu akimdai mwenzake, la sivyo tunaingia kwenye riba ya kucheleweshana, na hii ni fedha ya ndoa. Muuza kanga akakubali papo hapo. Hata pasipo sheria ya dini, nadhani ndiyo njia ya salama peke yake: hakuna anayetangulia, hakuna anayebaki na ahadi.

Tukasubiri ami afike Mtaa wa Biashara. Alikwenda kwa miguu, na mguu wake wa kushoto ni mbovu. Tulipoungana, simu ikawekwa juu ya jora la kitambaa, sauti nje. Wakakubaliana 19, hakuna aliyevuta kwake. Muuza kanga akatoa noti za elfu kumi, akazipanga kumi kumi, mafungu matano na noti saba kando. Akaweka kiganja juu yake. Kutoka upande wa pili tukawa tunasikia mwenye duka akihesabu zile za ami, moja moja, kwa sauti, na nyuma yake kelele za mikokoteni ya Mombasa ambazo nazijua kama ninavyozijua sauti za wanangu.

"...ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Elfu thelathini. Nimezipokea, deni limepungua kwa hizo."

Muuza kanga akaondoa kiganja, akanisukumia. Nikahesabu na mimi, mara mbili. 570,000.

Akakataa kuchukua hata shilingi ya shukrani. Akafunika jora lake, akaniuliza bibi harusi ni binti wa nani.

Kufanya hivi kama biashara kunataka leseni ya Benki Kuu, na inastahiki iwe hivyo, maana wako waliotapeliwa kwa maneno matamu. Sisi tulisaidiana mara moja, kwa watu wanaojuana, pande zote mbili zikisikizana.

Usiku, wanaume walipofika na kula, nilimwaga fedha zote kwenye mkeka mbele yao. 2,615,000. Kaka yangu akahesabu, nikaandika, wote wakaweka sahihi.

Ijumaa, Wete

Nikahi imepita. Mahari ilikuwa ndani ya kitambaa cheupe chenye karafuu na asumini, kadhi akaitaja, walii akasikia, kijana wetu akasema nimekubali kwa sauti isiyotetemeka. Mkaja nilimkabidhi mama wa binti mwenyewe, ndani, mlango umefungwa, vigelegele hadi nje. Sina zaidi ya kuandika leo, nimechoka kwa furaha.

Jumamosi, Wete

Mama mzazi wa shemeji, bibi wa miaka zaidi ya themanini, alikuwa amesikia habari zetu zote za benki. Asubuhi akaniita chumbani, akafungua bweta, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na noti za shilingi 500 za 2010, zile zenye sura ya Mzee Karume, bunda zima, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

"Wajukuu wanasema hizi hazichukuliwi tena. Kweli, mwanangu?"

Kweli. Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa noti hizo kwenye mzunguko pamoja na zile za 1985 hadi 2003, watu wakapewa muda wa kuzibadilisha, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Shilingi 500 siku hizi ni sarafu. Nilimwambia ukweli kwa kuwa ameniuliza. Akazifunga tena fundo lile lile, polepole.

Kisha akanisimulia kwamba alipokuwa msichana, kaka zake wakienda Mombasa kwa jahazi, hawakubadilisha kitu. Shilingi iliyonunua mkate Wete ndiyo iliyonunua mkate Mombasa. Nilijua ni hivyo. Zanzibar iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki 1936, na ilidumu hadi 1966 kila nchi ilipoanza kuchapa yake. Viongozi wetu walisaini mwaka 2013 kuirudisha sarafu moja ifikapo 2024, muda ukapita, sasa wanataja 2031. Bibi akauliza, "Nitaiona?" Nikamwambia Mungu akipenda. Natamani aione.

Jumatatu, Mombasa

Jana ilikuwa boti na ndege. Leo nilikuwa tawini kabla ya kufunguliwa mlango. Kitambulisho, alama ya kidole, sahihi, dakika ishirini na tano, akaunti ikawa huru. Nikawaomba wanionyeshe kwa maandishi kikomo cha kadi nje ya nchi na namna ya kuipandisha kabla ya safari. Wanayo karatasi, ukurasa mmoja. Nikaomba nakala tatu, moja nimeibandika ukutani kwenye chumba cha mikutano ya chama.

Nikaenda moja kwa moja kwa ami na 30,000 zake. Alizipokea. Ile dola iliyobadilishwa Darajani akasema ni mchango wake, tusiitaje. Nikamtolea bahasha yenye ile noti ya 2006. Akaipeleka dirishani, akautafuta mwaka kwa muda mrefu mpaka akauona, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa kanzu. Kisha akanyoosha ule mguu wake mbovu juu ya stuli, akaniambia nimsimulie harusi tangu mwanzo, nisiruke kitu.